Askari wa Nyama Aliyeitikia Majigambo

Jina lake ninalijua vizuri sana, lakini silitaji. Wajukuu zake wanasali kanisa moja na mimi hapa Ihanda, watoto wa watu, hawana kosa. Nitamwita kama tulivyomwita wote wakati ule: Askari. Walikuwepo askari wengine, wa gombolola, yaani baraza la chifu mdogo, na wa Bomani, lakini ukisema Askari bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa nyama, yaani wanyama wa porini, yule mwenye bunduki ya serikali na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hata siku ya mvua.

Siku hizi kuna vijana wanaonisimulia habari zake kama vile mimi sikuwepo. Eti alikuwa mlinzi wa wanyama, eti aliona mbali. Nilimjibu mmoja wao kwamba ni kweli, mzee yule aliona mbali, ila migomba yangu iliyokuwa karibu hakuiona. Kijana akacheka akidhani natania. Sikuwa natania.

Nianze na kaptula, maana bila kaptula humwelewi mtu huyu. Akiwa ameivaa, hakusikia Kinyambo. Alikulia humu humu, alichunga mbuzi na kaka zangu, lakini ukimsalimu kwa lugha ya nyumbani alikutazama tu, amekauka, mpaka umwamkie kwa Kiswahili. Mama mkwe wangu, aliyemwona akitambaa, alilazimika siku moja kumwambia shikamoo, neno lenyewe linamkwama mdomoni. Naye akaitikia marahaba, macho makavu! Magharibi ya siku hiyo hiyo akapita tena, kaptula ameivua, amevaa kanzu, akainama mbele ya mama mkwe na kumsalimu kwa Kinyambo salamu zote za adabu, moja baada ya nyingine, akamuuliza na mgongo unaendeleaje. Mama mkwe akasema huyu hana kichaa, ni watu wawili. Tukaizoea hiyo. Ukimwona kwa mbali, jambo la kwanza ni kutazama miguu: ikiwa ni kaptula unaficha, ikiwa ni kanzu unamkaribisha. Na kwa kuzoea hivyo ndiko tulikoumia.

Kabla hajavaa kaki alikuwa mwindaji, tena si mwindaji wa kubahatisha. Watu wetu waliwinda kwa nyavu. Wanaume wa vijiji viwili vitatu walikusanyika asubuhi, wakazungusha nyavu upande mmoja wa kichaka, na upande mwingine wakaachia mbwa wenye njuga shingoni. Nguruwe wakisikia njuga walikimbilia nyavuni, na mikuki ikawasubiri hapo. Kona ya wavu, pale mnyama anapogeuka kwa hasira, huwekwa mtu asiyekimbia. Yeye ndiye aliyewekwa kona. Mume wangu alisimama wa pili kutoka kwake, miaka mingi, na walipendana. Nguruwe walituogopa wakati huo. Walikaa kwao na sisi tukakaa kwetu.

Halafu ikaja amri kutoka Bomani: nyavu marufuku, mashimo marufuku, kuwinda na mbwa marufuku, na lile pori lote linaloshuka kuelekea mto Kagera asiingie mtu na mkuki. Serikali ikatafuta mtu wa kuisimamia amri, ikampata yeye. Wiki ile ile alipita nyumba kwa nyumba kukusanya nyavu alizosaidia kuzisuka. Alijua kila wavu unakaa dari gani. Mgeni angedanganywa, lakini yeye utamdanganya vipi? Njuga za mbwa nazo alizikusanya, akazitia gunia moja, na alipokuwa akiondoka na gunia begani, mbwa wote wa kijiji wakamfuata wakidhani wanakwenda kuwinda. Ilibidi awafukuze kwa mawe. Wanaume walicheka siku ile. Mimi nilitamani kulia, kwa sababu nilikuwa na magimbi karibu na kichaka.

Alikuwa na msemo wake. Ukienda kumlilia kwamba nguruwe wamelala shambani kwako, alikusikiliza mpaka mwisho, hakukatizi, kisha anasema, "Mnyama ni wa serikali, mgomba ni wako. Kila mmoja alinde chake." Nilimuuliza, kwa hiyo serikali ilinde mnyama wake asije kwangu? Akasema hilo ni swali la Bwana Nyama, yule mzungu mkuu wake aliyekuja mara moja moja na gari, na atakapokuja niulize mwenyewe. Alijua kwamba sitauliza.

Na jinsi alivyokuwa akipekua! Kwetu mwanamume haingii kwa mke wa mwenzie akafunua vyungu. Hata mume wangu mwenyewe hakuwahi kufunua chungu changu, aliketi akasubiri. Askari aliingia jikoni kwangu na fimbo yake, akainua kifuniko kwa ncha ya fimbo, akainama, akanusa. Ilikuwa maharage. Akanusa cha pili, ndizi. Akarudisha vifuniko taratibu, vizuri kabisa, kama mtu mwenye adabu. Nilimwambia tangu leo chungu hiki nakivunja. Akasema usivunje mali yako, mama, hakina kosa. Nilikivunja mbele yake.

Jambo moja nampa: hakula rushwa. Watu walimpelekea jogoo, akamrudisha. Walimpelekea rubisi, pombe yetu ya ndizi, akainywa kama mgeni yeyote, na kesho yake akamkamata aliyeileta. Afadhali angekula! Mla rushwa mnaweza kuishi naye, unajua anataka nini na wewe unajua unatoa nini. Huyu hakutaka kitu kwetu. Mtu asiyetaka kitu kwako utamshika wapi?

Na woga hakuwa nao, hilo pia niseme, nisije nikaambiwa nasema uongo juu ya marehemu. Kule Igurwa nyati alimchoma pembe mtu aliyekwenda kukata miti, kisha nyati mwenyewe, amechomwa mkuki, akajificha kichakani. Wanaume wazima walikataa kusogea. Askari aliingia peke yake. Tulisikia mlio mmoja wa bunduki, kisha akatoka bila kofia, bega limechanika, anatembea polepole. Wanawake walianza kupiga vigelegele, na mimi nilipiga, sifichi. Visu vikatoka. Ndipo akasimama juu ya yule nyati na bunduki yake akasema nyama hiyo haiguswi mpaka Bwana Nyama aje aione. Bwana Nyama alikuwa mbali, gari lilikwama matopeni huko njiani. Askari akakaa pale akilinda mzoga, damu yake mwenyewe ikimkaukia begani, na nyama ikaharibika mbele ya watoto wenye njaa. Watu walipokuja kuruhusiwa kuikata, hata mbwa walizunguka kwa mbali. Mke wa yule aliyechomwa pembe alikuwepo. Alimtemea mate miguuni. Askari akatazama mate, akapisha mguu kando.

Mume wangu alimtetea siku zote. Alisema mnamwonea, yule amepewa kazi ngumu, amekula kiapo, na wakati wa utoto wao swala walijaa kwenye vilima hivi mpaka wenye bunduki walipowamaliza, kwa hiyo mwenzetu anaogopa wasibaki hata wa kuwaonyesha watoto. Labda. Mimi nilimjibu kwamba nyani mbona hawajaisha. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka, akacheka.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Msomaji asiye wa kwetu ajue hivi: mwanamume wa kwetu akiua mnyama mkali, au akiwa na harusi, au akisimama mbele ya mkama, mfalme wetu, hujigamba. Sisi tunasema kwebuga. Anashika mkuki, anatoka mbele, anajiita majina ya sifa, na anataja mambo aliyofanya na ambayo hakufanya. Hayapimwi kwa ukweli. Yanapimwa kwa utamu, kwa pumzi, kwa jinsi mkuki unavyotetemeka mkononi. Anayesema ameua mmoja wakati angeweza kusema ameua kundi zima, huyo ni mchoyo wa maneno, na wasikilizaji watanong'ona. Na hakuna anayejigamba peke yake: kila mstari ukiisha watu huitikia eee! Wasipoitikia, maneno yamekufa hapo hapo na aliyeyasema anakaa chini na aibu yake. Askari alijua yote haya kuliko wengi. Ujanani mwake, akisimama kujigamba, watu walitoka Kihanga kuja kumsikia.

Asubuhi moja nyati aliingia kibanjani kwetu. Alikuwa amekwisha kuangusha migomba na sasa alikuja uelekeo wa nyumba. Mume wangu akamchoma mkuki, jirani akamalizia. Tukampelekea Askari habari kama sheria ilivyotaka. Alikuja na kaptula, akapima nyayo, akatazama migomba iliyovunjika, akasema mnyama amefia ndani ya shamba, hakuna kosa. Pembe na ngozi akavichukua kwa serikali, na safari hii nyama akaturuhusu tuigawe. Nilimshukuru! Kwa mdomo wangu huu nilimshukuru.

Mchana ule tukafanya sherehe, na yeye akaja amevaa kanzu. Niliangalia miguu kwanza, kama kawaida yetu, nikaona kanzu, roho ikatulia. Nilimpa kiti mimi mwenyewe na kahawa ya kutafuna. Mume wangu akasimama na mkuki. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua, lakini siku ile hulioni. Maneno yake ninayakumbuka, kwa sababu baadaye nilisikia yakirudiwa mahali ambapo hayakupaswa kufika:

Mimi Asiyerudi-Mikono-Mitupu!
Mpaka wa Bwana niliuvuka umande haujakauka,
nyati wa bondeni wakauliza nani huyo, nikawajibu kwa chuma!
Nikalaza dume, nikalaza jike, nikalaza na aliyekuja kuwalilia,
mto Kagera ukanywa damu ukakataa maji!

Eee! tuliitikia, na sauti ya Askari ilikuwa juu ya sauti zote. Alipiga na magoti kwa viganja. Machozi yalimtoka kwa furaha, niliyaona. Huko bondeni mume wangu hakuwahi hata kukanyaga. Kila aliyekuwepo alijua, na Askari alijua zaidi, maana pori lile alilizunguka kila wiki na kama mzoga ungekuwepo angeuona.

Kesho yake asubuhi alikuja amevaa kaptula.

Alimkamata mume wangu kwa kuwinda katika pori lililokatazwa, bila kibali, wanyama wengi. Mimi nilidhani ni mzaha wa mtu aliyelewa jana. Akaingia ndani, akatoka na mgwisho wa mkia wa nyati uliokuwa wa baba mkwe, umekwisha kunyonyoka kwa uzee, akasema huo ni ushahidi. Akachukua na mkuki. Mume wangu hakupigana naye. Alikuwa anamtazama usoni, anamtafuta yule wa jana.

Kesi ilisikilizwa kwenye gombolola, Bwana Shauri, mzungu wa Bomani aliyeamua kesi, alipokuja kwa safari yake. Mkalimani alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Askari akatafsiri mwenyewe. Aliyasema yale majigambo kwa Kiswahili, mkono nyuma, bila mkuki, bila sauti, kama anayesoma tangazo: alisema alivuka mpaka, alisema aliua dume, alisema aliua jike. Hakuongeza neno. Watu wananiambia angalau hakusema uongo, nami nawaambia ndipo ubaya wake ulipo. Mume wangu alieleza kwamba yale ni maneno ya sherehe, kwamba kila mwanamume husema hivyo. Bwana Shauri, ambaye sidhani alikuwa mtu mbaya, akamgeukia Askari akamuuliza kama ni kweli watu wa huku husema tu mambo ambayo hawakuyafanya. Neno moja lilitosha. Mzungu alikuwa ameuliza, mlango uko wazi, anatakiwa kuitikia tu kama alivyoitikia siku ile ya sherehe.

Askari akasema, "Mimi nilisikia alichosema."

Mume wangu akafungwa Bukoba.

Kwa nini alifanya vile? Nimeulizwa na nimejiuliza. Wapo wanaosema wivu, kwamba tangu avae kaki hakuwahi kusimama kujigamba, na kumsikia mwenzake kulimuuma. Wapo wanaosema Bwana Nyama alikuwa akimlaumu kwamba hakamati watu. Wengine, akiwemo padri, walisema pengine aliamini kweli kwamba sheria ni sheria. Padri aliniambia nimsamehe. Nikamwambia nitajitahidi. Bado najitahidi.

Mume wangu akiwa gerezani, nguruwe walihamia kwetu. Mimi na mama mkwe tuligonga madebe mpaka mikono ikavimba. Magimbi yaliisha, mihogo ikaisha, wakaanza kufukua mashina ya migomba. Nilikwenda kwa Askari nikiwa na mtoto mgongoni kumwomba aje na bunduki yake apige hata mmoja. Alikuwa na kaptula. Akasema atapeleka habari. Nikamwambia wewe ndiye umemtoa mlinzi wa shamba hili. Akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba mlinzi wa shamba amejitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, na si kwa huzuni. Kwa hasira.

Waliponirudishia mume, walinirudishia mtu mwingine. Alilima, alichuma kahawa, alisali. Mzaha ukaisha. Alipima kila neno kabla ya kulitoa, hata kuniambia kwamba mvua inakuja aliangalia kwanza nani yuko mlangoni. Binti yetu mkubwa alipoolewa, yeye ndiye baba, yeye ndiye wa kusimama na mkuki mbele ya wakwe. Watu walikaa wakamsubiri. Alikaa chini anatazama mikono yake mpaka mdogo wake akainuka kumsaidia. Binti alilia, wakwe wakadhani analilia kuondoka nyumbani. Hakujigamba tena mpaka tunamzika, na mtu wa kwetu akienda kaburini kimya hivyo, inauma kuliko nitakavyoweza kueleza.

Si yeye peke yake. Kijiji chote kilinyamaza. Wanaume walikuwa wakitazamana kabla ya kusema, nani yuko hapa, nani atapeleka habari. Katika mambo yote aliyotunyang'anya Askari, nyavu na njuga na mikuki, hili ndilo sitamwachia.

Miaka ikapita. Serikali ikamstaafisha Askari, ikachukua bunduki, ikachukua na kaptula. Wakati huo huo tukawa tunasikia kwamba upande mwingine wa nchi serikali ile ile inalipa watu waue wanyama kwa makundi kwa sababu ya mbung'o. Nilitamani kumuuliza anaonaje, lakini tulikuwa hatusalimiani.

Mara ya mwisho kuongea naye nilikuwa uani nageuza kahawa kwenye majamvi. Alikuja na kanzu, hakuwa na lingine la kuvaa, amekonda, na mkononi ana mkuki wa zamani ambao hata sijui aliuficha wapi miaka yote ile. Akanisalimu kwa Kinyambo. Nikaitikia, kwa kuwa salamu ni ya Mungu. Kiti sikumpa, wala kahawa ya kutafuna sikumpa. Alisimama juani.

Akaniambia nguruwe wamemmalizia shamba. Alikwenda kwa askari mpya, kijana, akaambiwa asubiri. Basi asubuhi hiyo amemchoma nguruwe dume kwa mkono wake mwenyewe, mzee kama alivyo, na akasimama imara kama zamani. Alikwenda kilabuni kuwaambia wanaume. Akasimama kujigamba, mstari wa kwanza, wa pili, na hakuna aliyeitikia. Waliinamia vibuyu vyao. Kwa hiyo amekuja kwangu. Anajua si kazi ya mwanamke, lakini mume wangu ndiye aliyesimama wa pili kwenye wavu, na angekuwepo angemsikiliza. "Niitikie wewe, mama," akasema. "Mara moja tu."

Niliendelea kugeuza kahawa. Akaanza.

Na ilikuwa tamu, Mungu anisamehe. Nguruwe wake mmoja akawa nyati, nyati wakawa kundi, kundi likawa pori zima, naye akavuka mpaka wa Bwana mchana kweupe, akawalaza waliolala na waliosimama, mkuki unatetemeka mkononi mwake kama wa kijana. Mwili ulinisisimka. Kila mstari ulipoisha alinyamaza akanitazama, na kila mara nilifunga mdomo. Alijigamba mpaka mwisho bila kuitikiwa, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada, kisha akabaki anahema na jasho linamtoka.

Nikaweka chini jani nililokuwa nafagilia kahawa. "Nimesikia ulichosema," nikamwambia. "Nikapeleke wapi, gombolola au Bomani?"

Alishtuka. Macho yake yakaenda mlangoni kwangu, yakaenda njiani, yakatafuta nani mwingine yuko pale. Macho hayo niliyafahamu, nililala nayo kitanda kimoja miaka mingi. Akauteremsha mkuki, akauficha nyuma ya kanzu.

"Mama," akasema, "yale ni majigambo tu. Unajua."

"Najua," nikamwambia. "Na wewe ulijua."